Upepo Penye Mwamba wa Nguku

Boti ya Chenge ilipopinduka penye Mwamba wa Nguku, Specioza alikuwa amekaa chini mchangani, miguu kainyoosha, anashona tanga la mtu mwingine. Alisikia kelele, akainua kichwa, akaona watu wanakimbilia majini. Alipofika ukingoni boti ilikuwa imelala ubavu, magunia ya mkaa yanaelea huku na huko, na watu watano wameng'ang'ania ubao. Wa sita, Malimi, alikuwa ameshikwa kwapani na wenzake kwa sababu mlingoti ulikuwa umemwangukia paja.

Mitumbwi ya mashine ilikwenda ikawaleta wote. Hakufa mtu. Lakini Chenge, nahodha wa ile boti, alipokanyaga nchi kavu maji yakimtiririka mpaka kwenye visigino, neno la kwanza kumtoka lilikuwa hili:

"Tanga la Mama Nice limenichanikia."

Watu mia walilisikia, na wote walijua Mama Nice ni Specioza. Kabla jua halijazama, mwalo mzima wa Nyangili, ufukwe ule wa kushushia samaki na mizigo, kuanzia wanawake wanaoanika dagaa mpaka wauza chai, ulikuwa umeshakata kauli.

Specioza alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Alizaliwa upande wa Kagera, baba yake Lwakatare alikuwa fundi cherehani wa parokia, mtu aliyeshona kanzu za mapadri na hakumruhusu bintiye kuinuka kwenye mashine mpaka mshono unyooke. Ndoa ndiyo iliyomleta Mwanza. Mumewe alikuwa seremala wa boti, na alipofariki alimwachia binti mmoja, Nice, na banda la mabati kandokando ya maji, mbele kidogo ya Igombe. Ndugu wa mume walimtazamia afunge virago arudi kwao. Yeye akaleta cherehani ndani ya banda, akaanza kushona matanga. Walimwambia hiyo ni kazi ya wanaume. Akawauliza mwanamume gani pale Nyangili anajua kupiga mshono wa kukunja mara mbili. Hakujitokeza hata mmoja, naye akaendelea kushona kwa miaka kumi na tisa.

Sasa miaka hiyo kumi na tisa ilikuwa inataka kufutwa kwa sentensi moja ya Chenge.

Kamati ya mwalo iliitisha kikao siku ya tatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shigela, mnunuzi wa samaki, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye alichukia ugomvi kuliko kitu chochote. Watu walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Specioza alisimama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Nice. Kaa tu."

"Nitasimama."

Chenge akaeleza. Alikuwa anatoka kisiwani na mkaa, saa tisa alasiri, upepo wa ziwani unamsukuma kwa nyuma kuja nyumbani. Upepo ulikuwa wa kawaida kabisa, aliapa kwa jina la mama yake. Upepo mdogo tu, wa kumfanya mtu asinzie. Alipozunguka mwamba ili aingie mwaloni, tanga likapasuka, boti ikayumba, ikalala.

"Upepo mdogo, tanga likapasuka," alisema Shigela. "Basi tanga ndilo lenye kasoro."

"Tanga lenyewe liko wapi?" Specioza aliuliza.

Lilikuwa limerundikwa nyuma ya ofisi ya kamati, bado bichi. Alilivuta mwenyewe mpaka katikati ya watu, akalitandaza. Akapiga magoti akapitisha kidole kwenye kila mshono, mmoja baada ya mwingine, mishono kumi na mmoja, na kila alipofika mwisho wa mshono alisema kwa sauti, "Huu mzima." Mpasuko ulikuwa umekata katikati ya kitambaa, mbali na uzi, kama vile mtu amekichana kwa mikono miwili.

"Mshono wangu haujaachia hata mmoja. Kitambaa kizima kipya kikichanika hivi, ujue kimevutwa na upepo mkubwa."

"Na kitambaa nani alikichagua?" Chenge akadakia. Watu wakacheka.

Barua ilitoka jioni hiyohiyo, ina mhuri. Ilisema kuwa kwa ajili ya usalama wa wasafiri, matanga ya fundi Specioza Lwakatare hayataruhusiwa kutumika wala kushonwa katika mwalo wa Nyangili mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Shigela alimkabidhi mkononi, akamwambia kwa upole, "Mama, tulia kidogo. Miezi michache watu watasahau."

"Wakisahau watakuwa wamesahau uongo," alijibu. "Mimi nataka wakumbuke ukweli."

"Ukweli upi? Chenge anasema upepo ulikuwa mdogo. Wewe hukuwepo. Nani aliupima?"

Alirudi kwenye banda lake, na neno hilo likarudi pamoja naye. Nani aliupima? Tangu aanze kazi alikuwa akiwasikia manahodha wakisema upepo mdogo, upepo mkubwa, upepo wa leo una wazimu, na kila mmoja alikuwa na udogo wake na ukubwa wake. Utabiri wa redioni ulitaja kilomita kwa saa, lakini pale Nyangili hakuna aliyewahi kuziona hizo kilomita kwa macho yake.

Maisha hayakumngoja. Alifunga cherehani kwenye toroli, akahamia Buzuruga, karibu na stendi, akawa anashona maturubai ya malori. Wateja aliwapata. Madereva hawakujua habari za Chenge wala mwamba. Nice, ambaye alikuwa mwalimu mwanafunzi pale chuoni Butimba, alimwambia, "Mama, huku si kuzuri? Hakuna mtu wa kukusimanga. Achana nao."

"Kuzuri sana," Specioza alisema. "Lakini sikuondoka kwa miguu yangu. Nimefukuzwa. Siwezi kukaa vizuri mahali nilipofukuziwa."

Ilikuwa kwenye shughuli hiyo ya maturubai ndipo alipotumwa Mabatini kupeleka kifuniko cha mitambo kwa fundi mmoja wa viyoyozi, jina lake Yeremia. Alimkuta amepanda ngazi, mkononi ameshika kidude chenye kifeni kidogo ndani ya duara na kioo cha namba chini yake. Alikisogeza mbele ya tundu la kiyoyozi, kifeni kikazunguka, namba zikapanda.

"Unafanya nini hapo, fundi?"

"Napima hewa inavyotoka. Ikitoka ndogo najua kuna mahali pameziba."

"Inapima na upepo wa nje?"

"Upepo ni upepo, mama. Yenyewe haijui kama imetoka kwenye mashine au kwa Mungu."

Specioza aliweka kifurushi chini. "Inasoma kwa kilomita?"

Yeremia alibonyeza kitufe. Ikasoma kwa kilomita kwa saa. Specioza hakutaka tena kuondoka. Alimweleza kisa chote, kuanzia mshono wa kwanza mpaka wa kumi na moja, yule fundi amekaa kwenye ngazi anamsikiliza. Mwishoni Yeremia alisema anacho kingine cha zamani, kioo chake kimepata ufa lakini kinasoma sawasawa. Walikubaliana: yeye atamshonea mifuko ya vifaa, na kipimo kitakuwa chake.

Jumamosi iliyofuata Specioza alishuka tena Nyangili, asubuhi, kidude kimening'inia shingoni kwa kamba ya tanga. Alipita katikati ya watu bila kuharakisha. Alikwenda moja kwa moja kwa Yakobo, nahodha Mjita, mtu wa maneno machache, ambaye tangu barua ile itoke aliendelea kutumia tanga la Specioza na kamati ilikuwa haijathubutu kumwambia alishushe.

"Shikamoo, kaka Yakobo."

"Marahaba, Mama Nice. Umerudi?"

"Nataka kupanda boti yako nipime upepo. Leo, wakati wa kurudi, kama alivyorudi Chenge."

Yakobo alikitazama kile kifeni, akakipuliza, kikazunguka. "Panda," alisema.

Kabla hawajasukuma boti, Chenge naye akatokea. Hakuwa na chombo tangu ajali. "Na mimi napanda," alisema. "Asije akatuletea namba za kutunga." Specioza akamwambia apande, tena akae karibu, asome mwenyewe.

Walikwenda kisiwani asubuhi kwa upepo mwanana wa nchi kavu, wakapakia kuni, wakangoja. Mchana upepo wa ziwani ukaamka kutoka kaskazini, maji yakaanza kuota povu jeupe mgongoni. Moyo wa Specioza ulidunda kwa furaha. Ndio huu, alijisemea. Walipotweka tanga na boti ikashika njia ya nyumbani, alikwenda nyuma kabisa, mbali na kivuli cha tanga, akainua mkono juu.

Namba zikapanda: kumi na mbili, kumi na tano, kumi na saba. Zikakomea hapo.

Alingoja. Alitikisa kidude. Kumi na sita. Kumi na saba.

Chenge aliinama, akasoma, akaanza kucheka polepole kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Kumi na saba! Hata kofia haiwezi kuniruka. Siku yangu ilikuwa hivihivi, kabisa. Sasa tanga lako linapasuka kwa kumi na saba?"

Siku hiyo Yakobo alikuwa anashusha kuni kabla ya mwamba, upande ulioelekea kisiwani, kwa hiyo hawakuuzunguka. Boti ilipogusa mchanga tu, Chenge aliruka chini, akakimbilia mwaloni akaipaza namba ile kwa wote. "Kumi na saba! Mama Nice amejipima mwenyewe!" Wauza chai walirudia. Mpaka Specioza anafika barabarani, ameshapewa jina jipya: Mama Kumi na Saba.

Hakugeuka nyuma. Lakini alipofika Buzuruga aliketi kwenye kigoda chake, akaweka kile kidude mapajani, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama huenda kweli ni yeye aliyekosea. Alichukua kipande cha kitambaa kilekile alichoshonea tanga la Chenge, akafunga ncha moja kwenye nguzo, akavuta ncha nyingine kwa uzito wake wote mpaka viganja vikawaka. Hakikuchanika.

"Sijakosea," alisema kwa sauti. Mwendesha lori aliyekuwa anasubiri turubai lake akamtazama kwa mshangao.

Kesho yake baada ya misa alikwenda kumwona Malimi, yule baharia aliyevunjika paja, kwao Igombe. Alikuwa hajawahi kwenda, kwa aibu ambayo haikuwa yake. Alimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba, mguu umefungwa plasta, redio kifuani.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Upepo siku ile ulikuwaje?"

Malimi alifikiri. Alikuwa kijana wa Kisukuma asiyependa kusema asichokijua. "Kabla ya mwamba, mama, ulikuwa mdogo tu. Nilikuwa navuta sigara, moshi unaelea mbele polepole. Tunapiga hadithi. Nahodha alipogeuza tu, ukatupiga ubavuni kama ng'ombe dume. Sikuelewa umetoka wapi."

"Moshi unaelea polepole? Katikati ya ziwa? Na mawimbi?"

"Mawimbi yalikuwa na povu. Hilo nalikumbuka, maana lilinishangaza."

Specioza aliaga akiwa na moshi ule kichwani. Alipanda bodaboda kurudi Buzuruga. Ilikuwa mchana, upepo wa ziwani unavuma, nao walikuwa wanaliacha ziwa mgongoni. Barabara ilikuwa na mashimo, dereva anakwenda taratibu. Specioza akaona ajabu moja: nyasi za kando ya barabara zimelala kwa upepo, lakini usoni mwake hakukuwa na kitu. Shali yake ilikuwa imetulia mabegani kama yuko chumbani.

Akakitoa kidude shingoni, akakiinua. Kifeni kilizunguka mara mbili, kikasimama. Sifuri.

"Simama!" alipiga kelele. Dereva akafunga breki nusura waanguke. Pikipiki iliposimama, kifeni kilianza kuzunguka kwa fujo. Ishirini na mbili.

"Geuza. Rudi tulikotoka, mwendo uleule."

"Mama, umesahau kitu?"

"Geuza tu, baba."

Waliporudi kulielekea ziwa, namba ziliruka mpaka arobaini na tatu, na shali ilitaka kumkaba koo. Akamgeuza tena. Sifuri. Akamgeuza mara ya tatu, na ya nne, dereva akawa sasa anacheka na kuuliza kila safari, "Ngapi?" Upepo ulikuwa mmoja, nyasi zimelala vilevile. Kilichobadilika ni wao. Ukikimbia pamoja na upepo, wenyewe unajificha kwako. Mwendo wako unaumeza. Ukiugeuzia uso au ubavu, ndipo unapokuonyesha ukubwa wake wote.

Basi Chenge hakusema uongo. Jambo hilo lilimkera kidogo, kwa sababu alikuwa ameshazoea kumchukia kama mwongo. Chenge alisema alichokihisi. Alikuwa amekimbia na upepo mkubwa, boti imepakia, tanga lote liko juu, naye anasinzia ndani ya utulivu ambao haukuwepo. Kisha akageuza.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa kamati kabla ofisi haijafunguliwa.

"Mwenyekiti, nataka unipe siku moja. Utapanda boti wewe mwenyewe."

Mzee Shigela alikaribia kudondosha funguo. "Mimi? Kwenye tanga? Tangu tumepata mashine sijapanda tanga, yapata miaka kumi na tano."

"Barua niliyopewa ina sahihi yako. Kama unajua kusaini habari za tanga, jua na kulipanda."

"Mama Nice, heshima."

"Heshima ninayo. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda redioni."

Alikubali, kwa unyonge, na kwa sharti kwamba Yakobo ndiye atakayeshika usukani. Chenge akaambiwa aje pia. Siku ilipofika mwalo ulijaa watu kama kuna ngoma. "Mama Kumi na Saba, leo utaleta ngapi?" mmoja alimzomea.

"Nitakuletea zote," alijibu, "uchague."

Walivuka asubuhi. Upepo wa ziwani ulipoamka na povu likatokea juu ya mawimbi, Specioza alimwambia Yakobo asitweke tanga kwanza, atie nanga kwenye maji mafupi mbele ya kisiwa. Boti ikatulia, uso wake kwenye upepo. Akakivua kidude shingoni, akamvisha Shigela.

"Shika wewe. Inua mkono. Soma kwa sauti."

"Thelathini... thelathini na moja. Ishirini na tisa. Thelathini na moja."

"Chenge, umesikia? Thelathini na moja, boti imesimama. Sasa twende."

Nanga ikapanda, tanga likatwekwa, boti ikashika mbio kuelekea nyumbani, upepo nyuma. Mara ile kelele ya upepo masikioni ikapungua. Shigela, aliyekuwa ameshikilia ubao kwa mkono wa kushoto, akalegeza vidole.

"Soma."

"Kumi na tisa. Ishirini." Uso wake ukachanua. "Umepungua! Afadhali."

"Haujapungua. Tazama mawimbi."

Alitazama. Povu lilikuwa palepale, jeupe, linakimbia sambamba nao. "Kaka Yakobo, shusha tanga," Specioza alisema. Tanga likashuka, mwendo ukafa, boti ikaanza kuyumba, na upepo ukawarudia wote shingoni kama maji baridi.

"Soma."

"Thelathini," Shigela alisema. Alisoma tena kimyakimya. Kisha akakigeuza kile kidude akakichungulia kwa nyuma.

"Hakuna mtu ndani," Yakobo alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Tanga likapanda tena: ishirini. Chenge alikuwa amekaa katikati ya boti, mikono katikati ya magoti, hatazami namba. Alikuwa anautazama Mwamba wa Nguku, ambao sasa ulikuwa unakuja kwao, mweusi, ndege wameuchafua juu.

Kabla hawajaufikia Specioza alisimama. "Hapa tunapunguza." Kwenye tanga lile alikuwa ameshona safu ya vikamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Walilishusha kidogo, yeye na Yakobo wakakunja theluthi ya tanga, wakaifunga kwa vile vikamba, kila kimoja fundo moja. "Sasa geuza. Mwenyekiti, usiache kusoma."

Yakobo alisukuma usukani. Boti ikageuza ubavu, na upepo, ukiongezwa nguvu na ukingo wa mwamba, ukawapiga. Boti ililala, maji yakapita juu ya ubao wa upande wa pili, Shigela akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake. Lakini mkono wake aliuinua.

"Soma!"

"Thelathini na nane! Arobaini! Arobaini na moja! Mama, inatosha!"

"Bado! Soma!"

"Arobaini!"

Tanga lilikaza kama ngozi ya ngoma. Halikuchanika. Boti ikanyanyuka, ikauzunguka mwamba, ikaingia kwenye kivuli cha upepo, na ghafla kila kitu kikawa shwari, watu wa mwaloni wanaonekana wamesimama ukingoni wanangoja.

Kisha Chenge akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi siku ile sikupunguza. Tanga lilikuwa juu lote, na mkaa magunia hamsini."

"Yaseme hayo ukifika," Specioza alimwambia.

"Nitayasema."

Na aliyasema. Haki yake apewe. Alisimama ndani ya maji yanayomfika magotini, mbele ya wote waliomcheka Specioza, akasema kwamba hakujua upepo ulikuwa mkubwa kiasi gani, kwamba tanga halikuwa na kosa. Wengine walinung'unika. Mmoja aliuliza kama Mama Nice amewalisha dawa huko kisiwani. Shigela, aliyekuwa bado ameloa mpaka kifuani, alijifuta uso akatabasamu kwa watu wote, tabasamu lake la kumaliza mambo.

"Basi ndugu zangu, yameisha. Mama Nice, sisi tumekusamehe. Rudi ushone."

Watu wakapiga makofi. Specioza alingoja makofi yaishe.

"Mmenisamehe kosa gani?"

Shigela akaendelea kujifuta uso.

"Mimi sijaomba msamaha, kwa hiyo msinipe. Mlinifungia kwa barua yenye mhuri, ikabandikwa ukutani, kila mtu akaisoma. Mnifungulie kwa barua yenye mhuri. Isomwe hapahapa, kwa sauti, iseme kwamba fundi hakuwa na kosa. Isiposomwa, nitabaki Buzuruga, na matanga yenu mtayashona wenyewe."

Alichukua kidude chake kutoka shingoni mwa mwenyekiti, akaondoka.

Wiki mbili zilipita, ndipo barua ikaja Buzuruga kwa mkono wa Yakobo. Specioza aliisoma amesimama. Ilisema anaruhusiwa kuendelea na kazi "chini ya uangalizi wa kamati." Aliirudisha kwenye bahasha. "Waambie waondoe uangalizi. Wanaangalia nini? Wanajua mshono?" Yakobo aliichukua, na alipokuwa anageuka Specioza alimwona anatabasamu. Nice aliposikia aliguna. "Mama, wangekupa hata nusu ungekubali. Ungekuwa umeshapata kazi yako."

"Nusu ya jina langu nitaitumia wapi?"

Wiki nyingine tatu. Manahodha wawili walipasukiwa na matanga yao na hawakuwa na wa kuwashonea. Ndipo kamati ikakaa tena, na barua ya tatu ikaandikwa, fupi, isiyo na neno uangalizi. Mzee Shigela aliisoma mwenyewe, mbele ya mwalo, kwa sauti yake ya taratibu. Alisoma haraka kidogo kuliko kawaida. Specioza alimwomba arudie sentensi ya mwisho, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Akairudia.

Hivyo ndivyo alivyorudi kwenye banda lake la mabati. Si wote waliomrudia. Wako manahodha ambao mpaka leo hupeleka kazi zao mjini, wakisema mwanamke yule ana mdomo. Yeye hajawafuata. Ila aliweka sharti ambalo halijavunjwa: tanga lolote linalotoka mkononi mwake lina safu mbili za vikamba vya kupunguzia, utake usitake, na kwenye kona ya chini ameandika kwa rangi nyekundu namba ya upepo ambao ukiufikia, boti ikiwa imesimama, ufunge safu ya kwanza. Anayekataa vikamba anaonyeshwa njia ya mjini.

Miezi minne baada ya mambo hayo Chenge alikuja. Alikuwa amepata boti nyingine ya kukodi. Alisimama nje ya banda muda mrefu, akisalimiana na kila anayepita, mpaka Specioza akachoka kumwona.

"Ingia, Chenge. Unazuia mwanga."

Akaingia, akakaa kwenye rundo la kitambaa. Akaeleza ukubwa wa mlingoti, urefu wa boriti ya kutandazia tanga. Specioza akapima, akaandika ubaoni kwa chaki.

"Vile vikamba," Chenge alisema, "nishonee bila vikamba. Wewe unanijua, mimi ni nahodha wa siku nyingi. Watu wakiniona nafunga funga tanga penye mwamba, watasema Chenge siku hizi anaogopa."

Specioza aliendelea kupima. "Waambie ndiyo, unaogopa."

"Mama Nice!"

"Malimi anatembea kwa fimbo. Ogopa."

Chenge alichezea kipande cha uzi. Nje wanawake walikuwa wanageuza dagaa, wanataniana kwa Kisukuma. Baadaye akauliza safu mbili zinaongeza siku ngapi za kazi. Specioza akamwambia siku moja. Akauliza kama anaweza kukaa pale amsaidie kukata vikamba.

"Kisu kile pale," alisema. "Urefu wa mkono wako mpaka kiwiko. Usikate vifupi."